Nilipomnyanyua Mama Mkwe kwa Jeki

Leo nimefedheheka. Nawaandikia mwenyewe, sasa hivi, kabla shemeji yangu Shaame hajaingia hapa ukumbini kwetu mtandaoni akawasimulia kwa namna yake.

Mnaonijua mnafahamu kwamba mimi si mtu wa pupa. Nafanya kazi ghalani, hapa Edmonton, na kazi yangu ni rafu. Kila rafu ina kibao kinachosema inabeba uzito gani, na mimi ndiye ninayehakikisha kibao hicho kinaheshimiwa. Mambo hayo sikufundishwa na mtu. Nimeyasoma mwenyewe, maktaba, kitabu kwa kitabu. (Liwekeni hilo akilini. Linazidisha aibu.)

Mwaka jana nilinunua karavani kuukuu, nyumba ya kuvutwa na gari, ya Kimarekani, kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama. Ina kitu ambacho karavani za hapa nyingi hazina. Kitanda chake kinavutwa nje kwa nyuma, kama droo ya kabati. Ukiwa njiani, kimo ndani. Ukifika, unakivuta, na chote kinatokeza nje pamoja na paa lake na kuta zake, kikaning'inia hewani, kimeshikiliwa na nguzo mbili nyembamba za chuma zinazotokea uvunguni mwa karavani. Unalala ndani ya nyumba, lakini chini yako hakuna nyumba.

Ubavuni mwa kitanda kuna kibao cha bati kinachosema mzigo usizidi ratili elfu moja. Hizo ni kilo mia nne na hamsini na kidogo. Mimi na mke wangu Asha tunaenea na nafasi inabaki kubwa. Nikaridhika. Majira ya baridi yote nikawa naitengeneza karavani: mabomba, taa, na sakafu ya kitanda, ambayo ilikuwa imeoza, nikaitoa na kuweka plaiwudi mpya. Nilitaka skuli zikifungwa niwapeleke Asha na watoto Wales, wakaone bahari ambayo si ya kwenye picha.

Kizuizi kilikuwa kimoja tu. Mama yake Asha, Bi Kije.

Bi Kije anakaa Tottenham, jirani na hapa. Alitoka Pemba enzi za misukosuko, akapita nchi kadhaa na watoto mgongoni, mpaka akapata nyumba ya matofali yenye namba mlangoni. Niliposema nataka kumlaza bintiye ndani ya karavani, alinitazama kwa huruma. "Watu wa heshima," akasema, "hawalali juu ya magurudumu."

La pili lilikuwa zito zaidi. Alitaka kujua nani alilala humo kabla yetu, na kama alipohama aliondoka na vyake vyote. (Wapemba wenzangu, sina haja ya kufafanua ni vyake vipi.)

Asha alinieleza msimamo wake bila kuzunguka. Mama asiporidhia, yeye haendi. Yeye asipoenda, karavani inauzwa. Bi Kije naye akatoa sharti lake: isomwe dua, yeye aje, aingie, akae, halafu ndipo aseme ndiyo au hapana. Siku iliyopangwa ni leo.

Nilijipanga kama ninavyopanga ghala. Wanawake wakae sebuleni kwetu. Wanaume tukae uani, chini ya turubai, kando ya karavani. Maalim asimame kwenye mlango wa karavani asome. Bi Kije aingie peke yake, akae kwenye kiti cha mbele, aridhike, atoke, ale. Nilimweleza Asha mpango huo mara mbili. (Mara ya pili alikuwa anakatakata vitunguu, na sasa naamini hakunisikia.)

Wageni wakaja baada ya adhuhuri, na mvua ikaja nao. Bi Kije alishuka kwenye gari la Shaame na chetezo cha udi mkononi, akapita moja kwa moja hadi kwenye karavani, akavua viatu, akaingia. Wenzake wakamfuata. Nikamwambia Asha kwa sauti ya chini kwamba mahali pao ni sebuleni. Asha akaniletea jibu la mama yake kwamba dua ya nyumba husomwa watu wakiwa ndani ya nyumba hiyo, siyo ndani ya nyumba ya pili. Pazia la mlangoni likavutwa.

Hapo ndipo palipoharibika. Pazia la wanawake likishavutwa, mwanamume hapitishi kichwa, hata kama karavani ni yake na pazia kalishona mwenyewe. (Nililishona mwenyewe.) Halafu nikakumbuka jambo jingine. Mgeni mkubwa wa kike, kwetu, haketi kwenye kiti. Huketishwa kitandani, na wenzake wakamzunguka. Nimezaliwa ndani ya mila hiyo. Nimeona vitanda vya Wete vikiwa na mashangazi kama nanasi na miba yake. Na katika mipango yangu yote, hilo halikunijia hata mara moja.

Sikuweza kuona ndani. Nikatazama nilichoweza kukiona, yaani viatu mlangoni. Jozi tisa. Nikaanza kukisia. Kiatu kipana kilichokanyagwa kisigino, kilo tisini. Kiatu chembamba chenye kifungo, kilo sabini. (Naam, nimekisia uzito wa wake za watu kwa kutazama viatu vyao, tena siku ya dua. Mwenyezi Mungu anisamehe.) Nilipofika jozi ya tisa, nilikuwa na zaidi ya kilo mia sita, na bado sijaweka godoro.

Nikazunguka nyuma. Kati ya karavani na ua wa jirani kuna nafasi ya mtu kupita kwa ubavu. Kitanda kilikuwa kimetokeza pale juu ya kiuno changu, kimejaa sauti na vicheko. Nikachungulia uvunguni, nikaziangalia zile nguzo mbili. Zilionekana zimepinda kidogo. Au ndivyo zilivyokuwa siku zote? Sikuweza kusema. Mtu anayepima kila kitu hakuwa amepima hilo. Kila mmoja wao alipojisogeza, kitanda kilitoa mlio, mwembamba, kama mlango unaofunguliwa na mwizi.

Nikarudi mbele, nikamwita Asha pazia lilipo. Nikamuuliza wamekaa wapi.

"Kitandani. Pengine wapi?"

Nikamwambia kitanda kina kikomo cha uzito.

"Kwa hiyo nirudi ndani, nimwambie mama yangu ashuke kwa sababu ni mzito?"

"Usiseme mzito. Sema kuna kikomo."

"Sema wewe, Baba Salma. Pazia hilo hapo."

Akarudi ndani. Kitanda kikalia tena.

Nikamvuta Shaame pembeni nikamweleza. Yeye ni kaka yake Asha, dereva wa basi, mtu ambaye hana jambo asiloweza kulicheka. Kwanza alinishauri nipige kelele kwamba kuna moto. Nilipokataa, akafikiri, akasema basi tumwombe mama afunge sunna kila Jumatatu na Alhamisi mpaka Ramadhani, kitanda kitapumua chenyewe. Nikaona huyu hana msaada.

Nikajaribu njia ya heshima. Nikasimama mbele ya pazia, nimeinamisha kichwa, nikatangaza kwamba chakula kiko tayari ndani ya nyumba, mahali pakavu, karibuni. Sauti ya Bi Kije ikajibu kwa upole mkubwa kwamba nimefanya vyema, Mungu anizidishie, ila mvua inanyesha na wao wamekwisha kukaa, kwa hiyo pilau iletwe humo humo.

Nikaileta. Ningefanya nini? Nilibeba sinia kwa mikono yangu miwili kutoka jikoni, na njia nzima nilikuwa nausikia uzito wake. Asha akalipokea chini ya pazia. Mimi niliyekwenda kupunguza mzigo nimerudi kuongeza nyama. Nikasikia Bi Mize, shoga wa Bi Kije, akisema lisogezwe kwake, kule katikati. Yaani mahali kitanda kinapochoka kuliko pote.

Wakati huo Maalim alikuwa ameanza kusoma, na wanaume wamenyanyua mikono. Nikafikiri hivi. Ikiwa kitanda kitaanguka, Bi Kije ataanguka chali kwenye zege, mtu wa umri wake, na magoti yake yale. Asipoumia, ataaibika. Asipoaibika, basi karavani imekwisha, Wales imekwisha, na mimi nitakuwa mkwe aliyemtoa mama mkwe Tottenham kumwangusha Edmonton. Sikuweza kuwashusha. Sikuweza kuingia. Kilichobaki ni kukishikilia kitanda kwa chini.

Nikaenda kwenye gari, nikachukua jeki na kipande cha ubao.

Chini ya kitanda nilikuwa nimening'iniza pazia la turubai pande zote, kuzuia upepo. Nikalinyanyua, nikaingia chali kama fundi gereji, ndani ya kanzu nyeupe iliyopigwa pasi asubuhi. Zege lilikuwa na maji. Giza. Juu ya uso wangu, kwa umbali wa mkono, ilikuwa plaiwudi yangu, na juu ya plaiwudi walikuwa wageni wangu.

Nikasikia kila kitu. Sikutaka kusikia, lakini ubao si ukuta. Bi Kije alikuwa anasema godoro ni laini. Akasema kitanda hiki kinamfaa mgongo kuliko chake cha Tottenham. Kisha akasema, polepole, kwamba labda Hamadi, yaani mimi, hakukosea sana.

Jamani. Nimeoa miaka yote hii, na sijawahi kulisikia neno hilo. Nililala pale kwenye maji, nimeikumbatia jeki, nikaona kwamba kitanda hiki kikidumu mpaka amina, nimefaulu.

Nikaiweka jeki. Ubao juu yake. Kanuni ya kazi yetu ni moja na hata wageni wa siku ya kwanza kazini wanaijua: unanyanyua kwenye fremu ya chuma, kamwe si kwenye mbao. Nikapapasa gizani, nikagusa kitu kigumu, nikaamini ndiyo fremu. Nikazungusha. Jeki ikapanda, ikagusa, ikakaza. Ule mlio ukakoma. Kimya kizuri.

Hapo ningeacha. Kila mtu mwenye akili angeacha. Mimi nikasema niongeze kidogo tu, kwa ajili ya usalama.

Ubao uliteleza. Kumbe ulikuwa umegusa ukingo tu wa fremu. Kichwa cha jeki kikabaki peke yake chini ya plaiwudi, na mimi mkono bado unazungusha. Pakalia kama mtu amevunja biskuti kubwa. Kichwa cha jeki kikapenya, kikaingia kwenye godoro, kikaendelea na safari. Sauti juu yangu zikabadilika.

"Mize, umenisukuma?"

"Sijakusukuma, mwenzangu."

"Mbona napanda?"

Kisha Bi Mize, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, akasema, "Kije, kweli unapanda."

Kumbukeni dua ilikuwa inasomwa. Kumbukeni suala la aliyehama na vyake vyote. Mtu mmoja humo ndani akalitaja neno jini, na baada ya hapo sikusikia neno jingine, nilisikia miguu. Karavani nzima iliyumba. Sinia lilianguka, na punje za pilau zikanidondokea usoni kupitia tundu la jeki. Wote walitoka kwa mkupuo mmoja, pazia wakaenda nalo, wakasimama uani kwenye mvua bila viatu. Hata yale magoti ya Bi Kije yalikimbia.

Nami nikataka kutoka. Sikuweza. Pindo la kanzu lilikuwa limezongwa kwenye skrubu ya jeki, limekaza kama limeshonwa. Nikivuta, jeki inagonga chuma. Kong. Nikivuta tena, kong.

"Lipo bado," akasema mtu. "Linagonga."

Maalim ni mtu imara. Hakukimbia. Nikasikia viatu vyake vikikaribia nyuma ya karavani, na nyuma yake wanaume wote, kwa umbali wa heshima. Akasimama mbele ya pazia la turubai. Sauti aliyoitumia hajawahi kuitumia kwangu, wala natumai hataitumia tena.

"Wewe uliye chini, nakuuliza kwa jina la Mwenyezi Mungu. Wewe ni nani?"

Nilifikiria kunyamaza. Nasema kweli. Kwa muda mfupi niliona afadhali kubaki jini. Lakini nilikuwa nimeulizwa kwa jina zito.

"Hamadi," nikasema.

Viatu vya Maalim vikasogea hatua moja.

"Hamadi yupi?"

"Mwenye karavani, Maalim."

Nikasikia kitu kizito kikiuegemea ua wa jirani. Alikuwa Shaame. Miguu ilikuwa imemwishia kwa kicheko.

Aliyelinyanyua pazia ni Bi Kije mwenyewe. Akainama, ushungi unatiririka maji, akaniona. Mkwewe. Chali, kanzu imepanda magotini, wali kwenye ndevu, amelala chini ya kitanda ambacho dakika iliyopita kilikuwa na wanawake. Nyuma yake nikaona nyuso za wanaume wa msikitini zikijaribu kuelewa kuna maelezo gani mema ya jambo kama hili.

"Hamadi," akasema, "unafanya nini chini ya wanawake?"

Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu, yenye ratili na kilo. Yote yakanitoka. Nikasema, "Nakushikilia, mama."

Basi ikabidi nieleze yote palepale, nikiwa nimelala, kwa sababu kanzu haijaachia. Kibao. Kikomo. Viatu. (Viatu nilijaribu kuviruka, Shaame akavirudisha.) Bi Kije alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa nini hukusema?"

"Niliona haya kuwauliza uzito wenu, mama."

"Haya ya nini? Mimi ni kilo tisini na moja. Daktari ananipima kila mwezi, na kila mwezi ananisema. Mtaa mzima wanajua."

Na baada ya kusema yeye, wakasema wote. Pale uani, mbele ya wanaume waliokuwa wanatazama ardhi kana kwamba imeandikwa kitu. Bi Mize alitaja sabini, akapingwa na shoga zake kwa pamoja, ikasuluhishwa kwenye themanini na nne. Ndipo nikajua na lile ambalo viatu havikuniambia: kitandani walikuwa watano tu. Wanne walikuwa wamekaa kwenye viti vya mbele, mahali salama kabisa.

Nikajumlisha kichwani, na godoro, na sinia la pilau. Mia nne na kumi na tatu.

"Haya," akasema Bi Kije. "Tumezidi?"

"Hamjazidi, mama."

"Kwa hiyo kitanda kisingevunjika."

"Kisingevunjika."

"Kimevunjwa na nini?"

Jeki ilikuwa mkononi mwangu.

Asha ndiye aliyeniokoa, kwa mkasi wa jikoni. Aliikata kanzu juu ya goti na kuniachia njia, nikatoka kwa kutambaa, nikaenda kuoga.

Niliporudi, wote walikuwa sebuleni kwa kahawa na haluwa, wanaume huku na wanawake huko, kama nilivyotaka tangu mwanzo. Bi Kije akaniita. Nikakaa chini kwenye mkeka, sikutaka kiti. Sasa ndiyo ilikuwa hukumu.

Akanywa kahawa yake mpaka ikaisha. Akasema dua imesomwa, na kilichokuwemo kimetoka, tena kimetaja jina lake. Wanawake wakacheka. Akasema kitanda ni kizuri, kimewachukua watu wazima watano na pilau yao, kingewachukua mpaka magharibi kama kingeachwa. Kwa hiyo yeye ameridhia. Asha aende. Watoto waende.

Nikainamisha kichwa kushukuru. Hakuwa amemaliza.

Akasema na yeye atakwenda. Hawezi kumwachia bintiye na mtu anayetengeneza kisichoharibika. Plaiwudi mpya itawekwa na Shaame, mimi nisiguse. Yeye na Asha watalala kitandani, hesabu ameshaifanya mwenyewe, kilo zinatosha. Watoto watalala mbele, kwenye viti.

Nikasubiri. Nikauliza, kwa adabu zote, "Na mimi, mama, nitalala wapi?"

Akamtazama Bi Mize, kisha akanitazama mimi.

"Pale pale tulipokukuta."

Safari ni skuli zikifungwa, inshallah. Kama kuna mwenye godoro la kujaza upepo, la mtu mmoja, lisilopitisha maji, naomba aniazime. Ila asiniulize la nini.